Kuamua Kabla ya Kuhukumu: Mgeni, Methali na Ghasia za Hadharani, kwa Mfano wa Dabaso

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali moja la kimaadili kwa kutumia ushahidi wa lugha: je, mgeni anayeshuhudia mtu akipigwa hadharani mahali pasipo kwao ana wajibu wa kuingilia kati? Methali za Kiswahili zinaonekana kugawanyika katika suala hili. Baadhi zinamwonya mgeni anyamaze, na nyingine zinamhimiza atende. Makala yanadai kwamba mgawanyiko huo ni wa juu juu, na kwamba jibu limehifadhiwa katika kitenzi kuamua, ambacho katika Kiswahili kina maana ya kutenganisha wanaopigana na pia kutoa hukumu.

1.0 Utangulizi

Dabaso ni eneo la pwani ya Kilifi, baina ya Gede na hori ya Mida, karibu na Watamu. Ni mahali palipozoea wageni tangu kale. Magofu ya mji wa Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka 2024, yalifukuliwa pamoja na vyombo vya kauri vilivyotoka China. Leo mwenyeji wa Dabaso, awe Mgiriama au Mswahili, huonana kila siku na watu waliotoka bara kutafuta riziki pamoja na Waitaliano waliovutiwa na fukwe za Watamu na Malindi. Kwa hiyo, inapotokea ghasia kando ya barabara, si ajabu katika waliosimama kutazama kukawa na mtu asiyejua lugha ya nyumbani ya mpigaji wala ya mpigwaji.

Mtu huyo hukabiliwa na mashaka mawili. La kwanza ni la mwili: akiingia, huenda kipigo kikamgeukia. La pili ni la haki: yeye ni nani hata aingilie jambo asilojua chanzo chake? Shaka la kwanza ni la watu wote, lakini la pili humwelemea zaidi mgeni. Ndilo makala haya yanalolishughulikia kwanza.

2.0 Methali zinavyoonekana kugawanyika

Kundi la kwanza la methali linamtaka mtu akae kando. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Juu ya hizo kuna ile isemayo kwamba mgeni ni kuku mweupe, yaani hafichiki, na kila alitendalo huonwa. Hatimaye, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe: anayeshiriki chakula chako si lazima ashiriki kifo chako.

Kundi la pili linamvuta mtu upande mwingine. Mtu ni watu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Msomaji anaweza kuhitimisha kwamba methali zinapingana, na kwa hiyo haziwezi kumwongoza mtu. Hitimisho hilo si sahihi. Methali haisemwi hewani; husemwa na mtu fulani, kwa mtu fulani, juu ya tukio fulani. Kabla ya kuuliza iwapo methali mbili zinapingana, sharti tuulize iwapo zinazungumzia tukio la aina moja.

3.0 Ugomvi na shambulio

Methali ya jembe na kapu inataja ndugu, na inataja kugombana. Ndugu ni watu wenye nasaba moja, na kugombana ni kitenzi cha kutendana: kila mmoja ni mtenda na mtendwa. Aidha, methali inachukulia kwamba watapatana, na kwamba kutakuwa na mavuno. Kwa hiyo inahusu mzozo wa watu wenye nguvu zinazokaribiana, ambao uhusiano wao utaendelea. Katika mzozo wa namna hiyo ni kweli kwamba mtu baki huharibu zaidi kuliko kutengeneza.

Shambulio si ugomvi. Watu kumi wanapompiga mmoja, hakuna kutendana. Kuna watendao na kuna mtendwa. Hakuna kupatana kunakotarajiwa, kwa kuwa anayepigwa huenda asiwe hai jioni. Anayechukua jembe akaenda kulima wakati huo hatii methali, bali amejificha nyuma yake. Hivyo kosa la kwanza la mtazamaji ni la kisarufi kabla halijawa la kimaadili: ametumia kitenzi cha kutendana mahali pa kitenzi cha kutenda.

4.0 Maana mbili za kuamua

Kitenzi kuamua hutumika leo zaidi kwa maana ya kukata shauri: hakimu ameamua kesi, mwamuzi ameamua ni bao. Hata hivyo, wazungumzaji wa Kiswahili bado husema pia kuamua ugomvi, yaani kuwatenganisha wanaopigana. Watoto wanaposhikana mashati uwanjani na mtu mzima akawatoa mmoja huku na mwingine kule, mtu huyo amewaamua. Hakuuliza nani alianza. Hilo litaulizwa baadaye, pumzi zikishashuka.

Maana hizi mbili zina utaratibu wake: huwezi kukata shauri baina ya watu ambao bado wanapigana, kutenganisha hutangulia. Hapa ndipo shaka la mgeni juu ya haki linapopata jibu. Mgeni anasema, kwa ukweli kabisa, kwamba hajui nani ana makosa. Lakini kutojua huko kunamzuia kuamua kwa maana ya kuhukumu tu. Hakumzuii kuamua kwa maana ya kutenganisha. Pengine hata kunamfaa, kwa sababu hana ukoo wala upande anaoweza kushukiwa kuupendelea.

Sheria ya Kenya inakubaliana na utaratibu huo. Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhai wa kila mtu, na Ibara ya 29 inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili, uwe umetoka kwa umma au kwa mtu binafsi. Hakuna ibara inayosema kwamba mshukiwa hana haki hizo. Kuhusu mtazamaji, mapokeo ya sheria ambayo Kenya iliyarithi kutoka Uingereza hayamwekei mpita njia wajibu wa jumla wa kumwokoa mtu baki. Kwa upande mwingine, sheria za jinai za Ufaransa na za Italia humwadhibu anayemwacha mtu hatarini bila msaada wowote. Ni dhahiri kwamba mtalii wa Kiitaliano na mwenyeji wake wa Dabaso wanaweza kusimama mbele ya tukio moja wakiwa wametoka katika sheria tofauti. Pengo hilo la sheria ndilo maadili ya jamii yanalopaswa kuziba.

5.0 Jina linaloua

Umati haumpigi mtu kwa jina lake. Kabla ya fimbo ya kwanza huja neno: mwizi, au mchawi. Neno hilo hupigiwa ukelele likiwa peke yake, bila kitenzi na bila shahidi, na lina kazi moja, yaani kumvua anayeitwa hivyo nasaba yake. Aliyekuwa baba wa fulani, jirani wa fulani, sasa ni mchawi tu.

Katika Kaunti ya Kilifi jambo hili si la nadharia. Kwa miaka mingi wazee wamefukuzwa makwao, na wengine wameuawa, kwa tuhuma za uchawi. Mvi, ambazo katika fasihi simulizi ni alama ya hekima, zimegeuzwa kuwa ushahidi wa hatia. Katika eneo la Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliokimbia tuhuma hizo. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1925 enzi za ukoloni, haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kumwadhibu jirani yake. Hata hivyo, mara nyingi migogoro ya ardhi na urithi huwa imejificha nyuma ya neno hilo moja. Mzee akiondoka, shamba hubaki.

Mwaka 2014 jijini Nairobi, mwanamke alivuliwa nguo hadharani na kundi la wanaume katika kituo cha magari kwa madai kwamba hakuvaa kwa heshima. Wanawake waliandamana mwezi wa Novemba mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha kitendo cha kumvua mtu nguo kikatajwa waziwazi kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu. Katika tukio hilo pia neno lilitangulia mkono. Kwa hiyo anayetaka kuuzuia mkono hana budi kujua namna ya kulijibu neno.

6.0 Mgeni na ulimi wake

Hata hivyo, haitakuwa haki kumhimiza mgeni atende bila kumweleza hatari. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Katika ghasia dhidi ya wageni zilizotokea Afrika Kusini mwaka 2008, ambamo zaidi ya watu 60 waliuawa, iliripotiwa kwamba umati ulikuwa ukiwapima watu kwa kuwataka wataje kiwiko kwa Kizulu. Asiyejua neno indololwane alihesabiwa mgeni. Mtanzania au Mkenya aliyesimama hapo na kufungua kinywa kumtetea Mmsumbiji angejitambulisha kwa lafudhi yake kabla ya kumaliza sentensi. Huyo ndiye kuku mweupe. Methali hiyo haimwambii asitende. Inamwambia ajue kwamba anaonekana.

Dhidi ya mfano huo upo wa pili. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, wanamgambo walilisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera wakitaka abiria Waislamu wajitenge na wasio Waislamu. Abiria Waislamu walikataa. Iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake waliwapa wenzao hijabu wajisitiri. Mwalimu Salah Farah alikuwa miongoni mwa waliokataa. Alipigwa risasi, na akafariki Januari 2016. Filamu fupi iliyotokana na tukio hilo, iliyotolewa mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, iliitwa Watu Wote. Kivumishi wote ndicho hasa kilichogombaniwa ndani ya basi lile: washambuliaji walitaka kugawa, na abiria walikataa kugawika. Walikuwa wasafiri tu, waliokutanishwa na tiketi. Mla nawe hafi nawe, husema methali. Salah Farah alikufa kwa ajili ya watu ambao hakuzaliwa nao.

Tofauti ya mifano hii miwili inafundisha jambo. Katika wa kwanza mtetezi angekuwa peke yake. Katika wa pili walikuwa wengi. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané, wanasaikolojia wa Marekani, walionyesha kwamba mtu huchelewa kusaidia anapodhani wengine pia wanaona. Lakini utafiti wa Richard Philpot na wenzake, uliotangazwa mwaka 2019, ulichunguza picha za kamera za barabarani za mizozo 219 katika miji ya Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na ukabaini kwamba katika mizozo 9 kati ya 10 angalau mtazamaji mmoja aliingilia kati. Tena, watazamaji walipoongezeka, uwezekano wa mtu kusaidiwa uliongezeka. Basi kazi ya kwanza ya mgeni si kuwa shujaa. Ni kutafuta mwenzake.

7.0 Maneno ya kuamulia

Tuchukue mfano wa kubuni. Jioni moja kando ya barabara ya Dabaso, vijana wanne wamemshika mzee mwenye mvi wakidai amemroga mtoto. Mpita njia ni mwalimu aliyehamia hapo kutoka bara miezi miwili iliyopita. Anaweza kusema mojawapo ya kauli hizi:

(a) "Mwacheni! Nyinyi ni washenzi!"

(b) "Mzee huyu hana hatia!"

(c) "Shikamoo, babu. Jamani vijana, hebu tumkalishe mzee kwanza, tumwite mzee wa mtaa aje asikie."

Kauli (a) ni amri na tusi kutoka kwa mtu asiye na mamlaka. Inazaa ugomvi wa pili. Kauli (b) inatoa hukumu ambayo msemaji hana ushahidi nayo, na swali litakalofuata ni "Wewe unajuaje?" Kauli (c) inaamua bila kuhukumu. Salamu inamrudishia aliyeshikwa nasaba aliyovuliwa: si mchawi tena, ni babu. Neno jamani linawafanya vijana kuwa watu wa kusemeshwa. Kiambishi tu- katika tumkalishe na tumwite kinamwingiza mgeni katika kundi la wenye jukumu, wala hakiwaachii vijana jukumu hilo peke yao. Neno kwanza halikanushi madai yao, bali linayaahirisha. Na kumwita mzee wa mtaa kunamkabidhi mwenyeji kazi ya kukata shauri, ambayo mgeni hakuidai.

Kauli hiyo haina uchawi wa kuzuia panga. Silaha zikishatolewa, busara ni mgeni kutojirusha mbele, bali kuita wenyeji kwa sauti, kupiga simu 999 au 112, kukaa mahali anapoweza kuona, na kuwa tayari kueleza mahakamani alichokiona. Kesi za namna hii husimama kwa mashahidi, na huanguka kwa ukimya wa walioona.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba methali za kukaa kando zinahusu ugomvi wa walio sawa, na haziwezi kutumiwa kuhalalisha ukimya mbele ya shambulio. Vilevile, kitenzi kuamua kinampa mgeni nafasi halali: atenganishe, na hukumu awaachie wanaohusika. Simulizi za Wagiriama hushikilia kwamba mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alimkabili afisa wa Kiingereza Arthur Champion akiwa na kuku na vifaranga, akamtaka ajaribu kutwaa kifaranga kimoja aone kuku atakavyomdonoa. Kuku wa simulizi hiyo aliwapigania vifaranga wake mwenyewe. Kuku mweupe wa methali ana mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa anayevamiwa si wa kiota chake. Wanafunzi wa Kiswahili watafanya jambo la maana wakikusanya, katika maeneo yao, kauli ambazo watu huzitumia kuamulia, kama wanavyokusanya methali na vitendawili. Siku ya haja, mzee aliyeshikwa barabarani hatauliza aliyemsalimu katoka wapi.