Taa, Ujira na Moyo wa Mfanyakazi

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tukimaliza masomo tutakuwa makarani, mafundi au walimu, na baadhi yetu tutasimamia kazi za wengine. Kwa hiyo napenda kuwaelezeni habari za saikolojia ya kazi, yaani elimu inayochungua nafsi ya mtu awapo kazini: kwa nini leo hufanya bidii na kesho hulegea. Wataalamu wake husaidia kuchagua wafanyakazi, kuwafundisha, kupanga saa zao na kupunguza ajali. Nitaieleza kwa mfano mmoja wa kweli.

Karibu na mji wa Chicago, Marekani, palikuwa na kiwanda kikubwa cha vyombo vya simu kilichoitwa Hawthorne, mali ya kampuni ya Western Electric. Mwaka 1924 ulianza uchunguzi wa kujua kama mwanga mwingi huongeza kazi. Fungu moja la wafanyakazi liliongezewa mwanga, la pili likaachwa kama lilivyokuwa. Ajabu ni kwamba kazi ilizidi katika mafungu yote mawili! Basi ikaonekana kwamba si taa peke yake iliyotenda.

Mwaka 1927 wasichana watano wa kuunganisha vifaa vidogo vya simu, na mmoja wa kuwaletea vipande, walitengewa chumba chao. Walipewa mapumziko na chakula kidogo cha asubuhi, na saa za kazi zikapunguzwa. Kazi ikapanda. Mwaka 1928 hayo yote yaliondolewa kwa majuma 12. Hata hivyo, jumla ya kazi ya juma haikushuka. Profesa Elton Mayo, mzaliwa wa Australia aliyefundisha Harvard, alieleza kwamba wasichana wale walikuwa wamepatana, tena waliulizwa shauri na kusikilizwa. Hayo ndiyo yaliyowatia moyo.

Wengi husimulia habari hii wakaishia hapo. Mimi naona tusiishie hapo, maana yako mambo mawili yanayosahauliwa. Kwanza, zamani ujira wa wasichana wale ulihesabiwa pamoja na wa watu wapatao 100. Chumbani ulihesabiwa kwa kundi lao dogo, hivyo kila mmoja aliona faida ya jasho lake. Pili, mapema mwaka 1928 wasichana wawili walioonekana kuzungumza mno waliondolewa, wakawekwa wengine. Je, huko ndiko kusikilizwa?

Tangu mwaka 1928 hata 1930 kampuni iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, ikawaacha waseme yaliyo moyoni. Hilo lilikuwa jambo jema, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisha, mwaka 1931, wanaume 14 wa kuunga nyaya walichunguzwa katika chumba kingine. Ikaonekana kwamba walikuwa na kipimo chao wenyewe cha kazi ya siku. Aliyekizidi alipigwa ngumi ya mkono. Aliyelegea mno alisemwa na wenzake. Msimamizi asiyejua angewaita wavivu. Kumbe waliogopa kwamba wakizidisha kazi, kiwango cha malipo kitashushwa, au wenzao watafukuzwa. Tena nyakati zilikuwa ngumu kweli: mwaka 1932 chumba kile kilifungwa kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa imepungua.

Wataalamu waliokuja baadaye wamebishana sana juu ya Hawthorne: wengine husema ni ujira uliotenda, wengine husema ni moyo. Kwa maoni yangu, vyote viwili hufuatana. Mfanyakazi si mashine ya kutiwa mafuta, wala si mtoto wa kubembelezwa kwa maneno matamu huku mshahara wake ukiwa haba. Ukimheshimu usimpunje, na ukimlipa usimdharau.

Kwa hiyo, wenzangu, siku mtakapopewa watu wa kusimamia, au hata leo mkiwa viranja wa kazi za shamba la shule, msiharakishe kumwita mtu mvivu. Jiulizeni kwanza maswali matatu: Anapata nini katika kazi hii? Anaogopa nini? Na je, yuko mtu aliyekwisha kumwuliza shauri lake? Mara nyingi mtaona kwamba aliyeitwa mvivu alikuwa na sababu zake.