Mamlaka ya Mwalimu wa Michezo na Ustawi wa Msichana katika Mazoezi ya Viungo

Utangulizi

Mwalimu mpya anapofika shuleni hupewa, pamoja na vipindi vya darasani, kazi ya kulea timu. Mara nyingi hakuna mwingine aliyejifunza michezo, na kwa hiyo hujikuta peke yake mbele ya wasichana wanaoandaliwa kwa mashindano ya UMITASHUMTA au kwa halaiki ya sherehe ya kitaifa. Yeye ndiye anayechagua nani atakwenda na nani atabaki. Yeye ndiye anayepanga saa za mazoezi, na ndiye anayeamua kama maumivu ya mtoto ni ya kweli au ni uvivu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mamlaka hayo ni sehemu ya ufundishaji, na kwamba yapaswa kuwekewa mipaka kwa uangalifu uleule tunaoutumia kuandaa somo. Tutatazama kwanza yaliyotokea katika jimnastiki ya wanawake duniani, kwa kuwa huko ndiko madhara ya mamlaka yasiyo na mipaka yalikodhihirika zaidi. Kisha tutarudi nyumbani, katika shule za Morogoro na za milima ya Uluguru.

Mafunzo kutoka jimnastiki ya kimataifa

Katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, Nadia Comaneci wa Romania, akiwa na umri wa miaka 14, alipata alama 10 kamili, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea katika jimnastiki ya wanawake ya Olimpiki. Ushindi huo ulistahili sifa. Lakini wengi walijifunza kutokana nao somo lisilo sahihi, yaani kwamba mwili unaofaa ni wa mtoto, na kwamba msichana asipofika kileleni kabla ya kupevuka amechelewa. Mwaka 1997 Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki lilipandisha umri wa chini wa wanawake katika mashindano makubwa ukawa miaka 16.

Kanuni ya umri peke yake haikutosha. Nchini Marekani, Larry Nassar, aliyekuwa daktari wa timu ya taifa, aliwadhulumu wasichana kwa miaka mingi kwa kisingizio cha kuwatibu. Alipohukumiwa mwaka 2018, wanawake na wasichana zaidi ya 150 walitoa maelezo yao mahakamani. Nchini Uingereza, taarifa ya mwanasheria Anne Whyte iliyotolewa mwaka 2022 ilieleza habari za wasichana walionyimwa chakula, maji na ruhusa ya kwenda chooni, waliopimwa uzito na kuaibishwa, na waliolazimishwa kufanya mazoezi wakiwa wameumia.

Je, kwa nini mambo haya yalidumu? Msichana alijua kwamba nafasi yake katika timu imo mkononi mwa watu wachache, hivyo alinyamaza. Wazazi waliwekwa mbali na ukumbi wa mazoezi. Tena medali zilipatikana, na medali ilipopatikana hakuna aliyeuliza imepatikana kwa njia gani.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika na suala hili. Mwezi Oktoba 2021 mwanariadha wa Kenya, Agnes Tirop, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Msiba huo ulifungua mjadala kuhusu wanariadha wasichana ambao mazoezi, fedha na makazi yao vyote vimo mkononi mwa mwanamume mmoja. Wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels ili msichana anayedhulumiwa apate mahali pa kukimbilia.

Nani aamue?

Tulinganishe matukio mawili. Huko Atlanta mwaka 1996, Kerri Strug wa Marekani aliumia kifundo cha mguu katika mruko wake wa kwanza. Kocha wake akamhimiza, naye akaruka mara ya pili, akatua na kuanguka kwa maumivu. Dunia ilimshangilia. Hata hivyo, hesabu za alama zilionyesha baadaye kwamba timu yake ingalishinda hata bila mruko ule.

Huko Tokyo mwaka 2021, Simone Biles alihisi kwamba akili na mwili wake haviendi pamoja angani, akajitoa katika fainali ya timu. Walikuwapo waliomwita mwoga. Mwaka 2024, mjini Paris, alirudi akiwa na miaka 27, akapata medali tatu za dhahabu na moja ya fedha. Naye Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki tangu mwaka 1992 hadi ile ya Tokyo, alipokuwa na miaka 46. Mifano hii inatufundisha kwamba kumsikiliza mchezaji hakuui kipaji. Huenda ndiko kunakokifanya kidumu.

Hali ya shule zetu

Mwanachuo atakayefundisha Mgeta, Kinole au Matombo atawakuta wasichana wenye miguu imara na pumzi ndefu, kwa kuwa hupanda na kushuka miteremko kila siku. Lakini imara hiyo ina gharama. Msichana huyo huenda amekwisha kuchota maji, kubeba kuni au kushusha mboga na ndizi gulioni kabla ya kufika uwanjani. Mwalimu asiyeuliza atampa mzigo juu ya mzigo. Ikiwa pia hakula tangu asubuhi, mwili hukosa nguvu ya kufanya mazoezi na ya kukua kwa pamoja, nao huanza kujinyima: hedhi huweza kukoma na mifupa hudhoofika.

Zaidi ya hayo, wasichana wa darasa la tano hadi la saba wamo katika umri wa kuvunja ungo. Wakati huo mifupa hurefuka haraka, na sehemu zake zinazokua, hasa za kifundo cha mkono na za uti wa mgongo, huumia kwa urahisi. Msichana aliyekuwa mwepesi mwaka jana aweza kuonekana mzito mwaka huu. Huo si uvivu, wala si sababu ya kumdhihaki.

Katika mila ya Waluguru, msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akafunzwa na wanawake watu wazima. Mila hiyo ina mambo ya kuhojiwa, hasa inapokatiza masomo. Lakini yule aliyemfunza mwali hakujiteua mwenyewe. Alijulikana kwa ukoo na aliwajibika kwao. Mwalimu wa michezo naye asiwe mtu asiyejulikana. Na kwa kuwa ukoo wa Kiluguru hufuata upande wa mama, mkutano wa wazazi usiishie kwa baba peke yake. Mama na mjomba wana neno juu ya mtoto.

Hatua za kufuata

1. Kabla ya muhula, waite wazazi. Waeleze ratiba, safari na majina ya walimu watakaosimamia. Mazoezi yawe mahali pa wazi ambapo mzazi aweza kuja bila kualikwa.

2. Mwanzoni mwa kila kipindi, uliza mambo matatu: nani ameumia, nani hajala, nani amechoka kwa kazi za nyumbani. Wapunguzie mazoezi hao bila kuwataka wajieleze mbele ya wenzao.

3. Fundisha kwa ngazi. Katika kubingirika mbele, anza kwa kuyumba mgongoni juu ya mkeka au majani laini, kisha kubingirika kutoka kuchuchumaa, na mwisho kutoka kusimama. Asipande ngazi asiyekuwa tayari. Msamba ashuke mtoto mwenyewe. Mtu yeyote asimkandamize mabega.

4. Ikibidi kumshika mtoto ili asianguke, mwambie kwanza utamshika wapi na kwa nini, ukamshike mbele ya wenzake. Asiyetaka kushikwa afanye zoezi jepesi zaidi.

5. Usipime uzito hadharani, wala usiseme juu ya umbo la msichana. Sema juu ya kazi: mikono ilikuwa wapi, kidevu kilikuwa wapi.

6. Maji na ruhusa ya kwenda chooni si zawadi. Fimbo nayo haina nafasi hapa. Kanuni za mwaka 2002 ziliihusisha na makosa makubwa ya nidhamu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kushindwa kubingirika si kosa la nidhamu.

7. Uteuzi wa timu ufanywe na walimu wawili au zaidi, mmoja wao akiwa mwanamke, kwa vigezo vilivyotangazwa. Msichana asikae faraghani na mwalimu mmoja, wala asisafiri naye peke yake.

8. Kila msichana ajue mtu wa pili wa kumweleza jambo, asiye mwalimu wa timu. Wafundishe pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Hitimisho

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliitaka shule ijenge akili ya kudadisi na moyo wa kujiamini. Uwanja wa michezo ni sehemu ya shule hiyo. Msichana anayeweza kumwambia mwalimu wake, "Mwalimu, leo mgongo unaniuma," na akasikilizwa, amekwisha kujifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote. Wengi wa wanafunzi wetu hawatapata medali yoyote, lakini wote wataondoka na miili yao. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba wanaondoka nayo ikiwa mizima.

Maswali ya kujadili

1. Andaa somo la dakika 40 la kubingirika mbele kwa darasa la nne. Onyesha mahali ambapo mtoto ana nafasi ya kukataa.

2. Mwalimu mkuu anataka msichana aliyeteguka acheze kesho kwa kuwa ndiye tegemeo la shule. Utamjibu nini, na kwa heshima gani?

3. Chunguza kazi za nyumbani wanazofanya wasichana wa shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha, kisha upange ratiba ya wiki inayozizingatia.