Kukamata lupu kwenye spidi ya singeli

Natumia Virtual DJ kwenye vigodoro. Bongo Fleva nakamata lupu bila shida, singeli ikiingia nakosea. Tatizo ni mkono wangu?

Mkono hauna kosa kubwa. Piga hesabu: biti ikienda mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni robo sekunde, na lupu ya mapigo manne inaisha ndani ya sekunde moja. Utatafuta saa ngapi kitufe kidogo kama punje ya mchele pale kwenye skrini? Programu za ma-DJ zilikua na haus, muziki wa mapigo 120 na ushee, ambako lupu hiyohiyo inakupa sekunde mbili.

Achana na mausi. Virtual DJ inakuruhusu kuipa kila herufi ya kibodi kazi yake. Weka lupu ya mapigo manne kwenye F, kuitoa kwenye J. Pitisha kidole sasa hivi: herufi hizo mbili zina kinundu, unazipata hata gizani. D iikate lupu nusu, K iirefushe mara mbili. Herufi za jirani zivue kazi kabisa, kidole kikiteleza kisije kikapakia wimbo mwingine watu wakiwa katikati ya kucheza.

Naomba lupu ya nne, inatoka ya nane. Kwa nini?

Tazama namba ya mwendo. Biti ni ya 220 lakini programu imeandika 110, sivyo? Imesikia nusu. Zidisha mara mbili ukiwa bado nyumbani, kisha hakikisha mistari ya gridi imekaa juu ya ngoma. Anayekata vipande vya taarab, kama singeli ilivyozoea, ana kazi zaidi: ule muziki ulipigwa na watu, mwendo wake unapanda na kushuka. Hapo sikio ndilo liamue, gridi ikae pembeni.

Nikibonyeza, sauti inachelewa. Ninunue laptopu mpya?

Bado. Fungua mipangilio ya sauti uangalie bafa. Ya sampuli 2048 huchelewesha kama milisekunde 46, na kwenye mapigo 300 robo ya pigo ni milisekunde 50 tu. Shusha hadi 512, utabaki na 12 hivi. Ikianza kukwaruza, pandisha kidogo.

Natafuta kontrola Kariakoo. Nichague ipi?

Taa zisikudanganye. Mwombe muuzaji aichomeke, fumba macho, bonyeza pedi ya tatu. Ukiikosa, rudisha. Kisha itoe nje hadi barazani: kama juani huoni pedi ipi inawaka, utahangaika shughuli ikianza mchana.

Mimi ni MC. DJ anatoa lupu nikiwa katikati ya mstari. Nifanyeje?

Hapa nawalaumu wabunifu. Skrini inamwonyesha DJ urefu wa lupu. Wewe uliyesimama mbele na maiki huonyeshwi chochote. Sikiliza *Sounds of Sisso*, mkusanyiko wa Nyege Nyege Tapes ya Kampala wa mwaka 2017, usikie jinsi mwendo ule usivyomwachia mtu nafasi ya kuuliza. Namba moja kubwa inayohesabu mapigo kurudi nyuma, inayosomeka kutoka hatua nne, ingetosha. Kwa sasa patana na DJ wako: akiinua ngumi, zimebaki duru mbili, naye asiguse J kabla hujamaliza.