SOMO: MANYOYA YA MIFUGO NA NYONGEZA ZA CHAKULA WAKATI WA KIANGAZI

Katika Nyanda za Juu Kusini mvua nyingi hukoma mwezi wa Mei. Juni na Julai baridi hukaza juu ya Makete, Njombe na Mufindi, na katika uwanda wa Kitulo sakitu huonekana asubuhi juu ya majani. Hadi mvua zirudi Novemba au Desemba, mifugo hubadilika sura. Ng'ombe aliyekuwa aking'aa mwezi wa Machi huwa na manyoya marefu, makavu na yaliyosimama. Ngozi hukakamaa, na maziwa hupungua katika ndoo.

Ni wakati huo pia ambapo wachuuzi hupita na chupa na pakiti zinazosifiwa kuwa hurudisha afya ya ngozi kwa siku chache. Mwanachama humwendea katibu na kuuliza kama chama kitoe mkopo wa kununua dawa hizo. Swali hilo si dogo, kwa sababu fedha itakayotoka ni ya wanachama wote. Shabaha ya somo hili ni kuwasaidia katibu na mwanachama kusoma manyoya ya mnyama kabla ya kufungua mfuko wa fedha.

1. Manyoya hujengwa na nini

Unywele ni protini karibu wote. Ili ukue vizuri na ung'ae, mwili huhitaji protini ya kutosha, mafuta kidogo, vitamini, na madini kama shaba na zinki. Chakula kinapopungua, mwili hugawa kidogo ulicho nacho kwa utaratibu wake: moyo, ubongo na mimba hupewa kwanza, ngozi na manyoya hupewa mwisho. Ndiyo maana dalili ya njaa huonekana juu ya ngozi mapema, kabla mnyama hajakonda sana.

Hata hivyo, si kila badiliko ni ugonjwa. Baridi inapoingia na mchana unapofupika, ng'ombe wengi huotesha manyoya marefu zaidi ili kujikinga. Manyoya marefu yaliyolala, yenye mng'ao, juu ya mnyama mwenye nyama mgongoni, ni vazi la baridi tu. Manyoya yaliyosimama, yaliyofifia rangi, juu ya mnyama ambaye haonekani kujilamba, ni taarifa inayodai kushughulikiwa.

2. Kiangazi huondoa nini malishoni

Majani mabichi yana karotini, ambayo mwili wa ng'ombe huigeuza kuwa vitamini A. Majani yakikauka kwa jua kali, sehemu kubwa ya karotini hupotea. Ng'ombe aliyelishwa vizuri masikani huweka akiba ya vitamini hiyo katika ini, na akiba hiyo humtosha kwa miezi kadhaa. Mnyama asiyepata jani bichi tangu Juni anaweza kufika Oktoba akiba ikiwa imekwisha. Ngozi yake huwa na magamba, na jioni hujikwaa kwa kutoona vizuri gizani.

Protini nayo hushuka. Chakula kinapokuwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomsaidia ng'ombe kumeng'enya majani hudhoofika. Hapo ng'ombe husimama mbele ya rundo la mabua ya mahindi, akala kidogo na kuacha. Tumbo limejaa lakini mwili una njaa. Mnyama wa namna hiyo hata akipewa madini ya bei kubwa hawezi kunawiri, kwa kuwa anachokosa ni chakula chenyewe.

Kwa hiyo nyongeza ya kwanza kwa ngozi na manyoya hutoka shambani. Majani yakatwe na kukaushwa kivulini yakiwa bado na rangi ya kijani. Desmodiamu na lusini zipandwe kandokando ya matete au majani ya Guatemala. Majani ya viazi vitamu yasitupwe. Mashudu ya alizeti, ambayo mashine za kukamulia mafuta za Iringa na Mbeya huyatoa, yawekwe akiba mapema, maana yana protini na mabaki ya mafuta. Wilaya ya Rungwe, inayopata mvua hata katika baadhi ya miezi ambayo kwingine ni mikavu, ina nafasi nzuri zaidi ya kuwa na jani bichi. Walio Iringa upande wa chini hawana budi kuweka akiba.

3. Madini na alama zake

Chumvi ndiyo nyongeza ya zamani kuliko zote. Watu wa pande hizi waliijua thamani yake tangu kale: huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, chumvi ilitengenezwa karne nyingi kabla ya ukoloni. Ng'ombe anayelamba kuta, udongo au mkojo wa wenzake huenda anatafuta chumvi. Lakini chumvi tupu haitoshi. Alama zifuatazo huonyesha madini mengine yanayoweza kukosekana:

(a) Shaba. Manyoya meusi hugeuka rangi ya kutu, na mekundu hufifia. Wakati mwingine manyoya ya kuzunguka macho hupungua hata mnyama akaonekana kama amevaa miwani. Kwa ng'ombe wa Friesian mwenye madoa meusi, alama hii huonekana kwa urahisi kuliko kwa ng'ombe wekundu wa asili wa Iringa.

(b) Zinki. Ngozi hunenepa, hupasuka na kutoa magamba, hasa puani, shingoni na miguuni. Vidonda huchelewa kupona.

(c) Ayodini, yaani madini joto. Nyanda za Juu Kusini ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizojulikana kwa ugonjwa wa rovu kwa binadamu, kwa sababu ya upungufu wa madini hayo katika udongo na vyakula. Mnyama mwenye mimba akiyakosa anaweza kuzaa ndama au mwanakondoo dhaifu, mwenye uvimbe shingoni na manyoya haba au asiye nayo kabisa.

(d) Fosforasi. Mnyama hutafuna mifupa, kamba na mbao, na manyoya huwa makavu. Tabia hii ni ya hatari, maana mzoga mkavu unaweza kuwa na sumu inayoua.

(e) Kobalti. Mfano mashuhuri ni wa Kenya. Katika Bonde la Ufa, pande za Nakuru, mifugo ilidhoofika na kufa ijapokuwa ilikuwa katikati ya majani mengi, na ugonjwa huo ukaitwa kwa jina la mji huo. Ilibainika kwamba udongo ulikosa kobalti, ambayo vijidudu vya tumboni huitumia kutengeneza vitamini B12. Majani yalikuwepo, lakini kitu kidogo sana kilikosekana ndani yake.

Fundisho la Nakuru ni kwamba macho peke yake hayatoshi. Alama hizi hufanana, na mnyama mmoja anaweza kukosa vitu viwili au vitatu pamoja. Ndiyo sababu mchanganyiko kamili wa madini ya ng'ombe hufaa kuliko kununua dini moja moja kwa kubahatisha.

4. Yanayofanana na upungufu, lakini siyo

Kabla ya kulaumu chakula, mfugaji achunguze wadudu. Chawa huongezeka wakati wa baridi, wakijificha katika manyoya marefu. Mnyama hujikuna ukutani na kutoka mabaka. Kupe hutoboa ngozi, hunyonya damu na kuleta ndigana kali. Ukurutu na choa huondoa manyoya kwa mabaka. Ugonjwa wa mapele ya ngozi huja na homa na vinundu, nao ni ugonjwa wa kuambukiza unaopaswa kutolewa taarifa upesi.

Kuna pia adui wa ndani. Kiangazi mifugo huteremshwa mabondeni, karibu na vinyungu, kwa kuwa huko ndiko kuliko na jani bichi. Huko huko ndiko waliko konokono wanaobeba viluwiluwi vya minyoo bapa ya ini. Ng'ombe aliyeambukizwa hupungukiwa damu, manyoya husimama, na pengine huvimba chini ya taya. Si kila dawa ya minyoo huua minyoo ya ini. Aulizwe daktari wa mifugo kabla ya kununua. Palipo na shaka, sampuli za damu na kinyesi zaweza kupelekwa katika kituo cha Iringa cha Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania. Ushauri wa malisho hupatikana Uyole, Mbeya, ambako utafiti wa mifugo wa nyanda hizi umefanyika kwa miongo mingi.

Kumpa madini ng'ombe mwenye kupe na minyoo ni kuteka maji kwa pakacha.

5. Mbwa wa boma

Mbwa husahauliwa katika masomo ya ufugaji, ingawa ndiye anayelala nje na kulinda zizi la mwanachama. Mbwa wengi hulishwa ugali mtupu mwaka mzima. Ugali humpa nguvu, lakini protini yake ni haba, na mahindi yana kitu kinachozuia zinki isifyonzwe vizuri tumboni. Matokeo yake ni manyoya yanayokatika, mba, na ngozi ngumu puani na kwenye viwiko.

Dawa yake iko sokoni karibu. Usipa wa Ziwa Nyasa au dagaa wakavu, wakisagwa na kuchanganywa katika ugali kila siku, huongeza protini, mafuta na madini. Mbwa wa wastani aweza pia kutiwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti katika chakula chake. Mengi kupita hapo huharisha. Asipewe vitunguu. Maini na mapafu ya machinjioni yenye malengelenge yasitupwe kwa mbwa kamwe, kwani humwambukiza minyoo ambayo baadaye humpata binadamu. Mbwa anayejikuna usiku kucha atazamwe viroboto na ukurutu kwanza.

Kwa mbwa kama kwa ng'ombe, matokeo hayaonekani kwa siku tatu. Manyoya mapya huhitaji wiki 6 hadi 8. Anayeahidi kung'aa kwa juma moja huuza maneno.

6. Hesabu ya chama

Ng'ombe wa maziwa hupewa kwa kawaida kati ya gramu 50 na 100 za mchanganyiko wa madini kwa siku, kwa kufuata maelezo ya mfuko. Ichukuliwe mfano wa chama chenye ng'ombe 40, kila mmoja akipewa gramu 100. Matumizi ni kilo 4 kwa siku, kilo 120 kwa mwezi wa siku 30, na kilo 720 kwa miezi 6 ya kiangazi. Kwa mifuko ya kilo 25 hiyo ni mifuko 29.

Katibu asilinganishe bei ya chupa na bei ya mfuko. Alinganishe gharama ya ng'ombe mmoja kwa siku. Kwa madini, bei ya mfuko igawanywe kwa kilo zilizomo, kisha igawanywe kwa 10, kwa kuwa kilo moja hulisha ng'ombe 10 kwa siku. Kwa dawa ya chupa, bei igawanywe kwa idadi ya siku ambazo chupa humtosha mnyama mmoja. Hesabu hiyo iandikwe ubaoni siku ya mkutano, wanachama wajionee wenyewe.

Agizo lipelekwe mapema, ikiwezekana Aprili, fedha ya maziwa ya masika ingalipo. Mifuko ikaguliwe tarehe ya mwisho wa matumizi, na ihifadhiwe pakavu juu ya mbao. Zizini madini yawekwe katika kihori kilichoezekwa, kwani mvua ikiyanyeshea ni fedha iliyoyeyuka.

7. Tahadhari

Madini ya ng'ombe yenye shaba yasipewe kondoo. Kondoo huhifadhi shaba katika ini, na kiasi kinachomfaa ng'ombe kinaweza kumwua kondoo ghafla baada ya wiki nyingi za kuonekana mzima. Mwanachama mwenye mifugo ya aina mbili atenganishe vihori.

Tena, kilimo cha parachichi kimeenea sana Njombe na Rungwe. Majani ya mparachichi yaliyopogolewa yasigeuzwe kuwa lishe ya kiangazi. Yana sumu inayoharibu kiwele na moyo wa ng'ombe na mbuzi.

Kwa muhtasari, utaratibu ni huu: kwanza chakula cha kutosha chenye protini, pili josho na dawa ya minyoo inayofaa, tatu maji na chumvi, nne mchanganyiko wa madini kabla dalili hazijaonekana. Dawa ya chupa huja mwisho, kwa ushauri wa daktari, kwa mnyama aliyepimwa. Chama kinachofuata utaratibu huo hulinda maziwa, ngozi na mtaji wa wanachama wake kwa pamoja.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika zizi la kila mwanachama, ni wanyama wangapi wenye manyoya yaliyosimama? Je, wamechunguzwa kupe, chawa na minyoo?

2. Ni akiba gani ya lishe yenye protini iliyopo kijijini kwa miezi ya Agosti hadi Novemba?

3. Chama kina ng'ombe wangapi wa maziwa, na kinahitaji kilo ngapi za madini kwa kiangazi kizima?

4. Ni nani atakayesimamia ununuzi wa pamoja, na taarifa yake itasomwa katika mkutano upi?