Mgonjwa Aulizwe Angali na Nguvu

Muuguzi wa tiba shufaa anajibu maswali ya familia moja ya Ipinda, Kyela.

Baba ana saratani ya koo la chakula. Daktari alituita pembeni sisi watoto. Tumwambie?

Mwili ni wake, na huenda ameshahisi, maana ameona mnavyonong'ona. Anzeni kwa kumuuliza: "Baba, unauelewaje ugonjwa wako? Ungependa kujua zaidi?" Akikataa, msimlazimishe. Akikubali, mwombeni daktari amweleze mbele yenu, na awepo wa kumfafanulia kwa Kinyakyusa. Mzee mmoja niliyemhudumia alipoelezwa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama angeweza kukaa nyumbani hadi mpunga uvunwe. Alitaka awaonyeshe wanawe mipaka ya shamba. Kama tungemficha, shauri hilo angelipanga lini?

Tuuze shamba la kakao tumpeleke Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam?

Kwanza muulizeni daktari: matibabu ya huko yanalenga kumponya au kumpunguzia mateso? Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inaweza kumsaidia kwa lipi? Msidharau kupunguziwa mateso. Mionzi huweza kumrudishia mgonjwa wa aina hii uwezo wa kumeza, hata isipomponya. Mkishapata majibu, mpelekeeni baba mwenyewe aamue. Nasikitika kila nionapo shamba limeuzwa kwa safari ambayo mgonjwa hakuitaka.

Tumesikia mofini, dawa ya maumivu, ni ya kummaliza mtu.

Si kweli, na uvumi huu unawaacha watu wakiteseka bure. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa dozi ndogo inayopandishwa kulingana na maumivu. Shirika la tiba shufaa la Hospice Africa, Uganda, limekuwa ikiitumia tangu 1993. Mofini hufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Msiizidishe wala kuikatiza bila kumuuliza mhudumu.

Akishindwa kusema, nani aamue?

Amchague sasa mtu anayemwamini. Si lazima awe mtoto wa kwanza, wala wa kiume. Amtaje mbele ya ndugu wote, na walio mbali wapigiwe simu, kwani hao ndio hufika siku za mwisho na kupangua kila kitu. Aseme pia kama atataka kulazwa tena au kutunzwa nyumbani, na kama atakubali mpira wa kulishia. Mwombeni muuguzi ayaandike kwenye faili, nanyi mbaki na nakala katika daftari lake la kliniki. Akibadili mawazo, yafutwe yaandikwe mapya.

Msisubiri azidiwe. Mketi naye wiki hii.