Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Mji Mkongwe: Somo la Kuchagua Chombo cha Usafiri

Utangulizi

Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huchukua vitabu, chaki, maandalio ya somo na hofu kidogo. Aghalabu husahau kitu kimoja kilicho karibu naye kuliko vyote, nacho ni yale mambo ambayo wanafunzi wake wanayajua kabla yeye hajaingia darasani. Katika makala hii tunakusudia kueleza somo moja la darasa la tano linalotumia mambo hayo. Somo lenyewe ni la Hesabu, lakini linagusa Jiografia na lugha pia. Swali lake ni fupi: msafiri aliyeshuka katika uwanja wa ndege wa Unguja atakwendaje mjini?

Tumelichagua swali hili kwa sababu halina jibu moja. Mwanachuo aliyezoea kusahihisha kwa alama ya vema au ya kosa ataona uzito wa jambo hili, na sisi wenyewe tuliuona kwa njia tutakayoisimulia hapa chini.

Madhumuni ya somo

Baada ya somo hili mwanafunzi aweze:
1. kuzidisha na kugawanya fedha kwa kutumia nauli za kweli;
2. kutafuta mwendo wa chombo akipewa umbali na muda;
3. kulinganisha njia mbili au zaidi, kisha kuchagua moja na kutoa sababu ya chaguo lake.

Dhumuni la tatu ndilo kubwa. Mawili ya kwanza ni vyombo vya kulifikia.

Maandalizi ya mwalimu

Kwanza, mwalimu hana budi kuijua njia yenyewe. Uwanja wa ndege uitwao Abeid Amani Karume, jina uliopewa mwaka 2010, uko kusini ya mji, upande wa Kiembe Samaki. Barabara itokayo huko hupita Mazizini, Migombani na Kilimani, kisha hufika Mnazi Mmoja. Kutoka hapo msafiri huifuata Barabara ya Benjamin Mkapa mpaka Darajani penye soko. Ramani ya njia hii ichorwe ubaoni kabla ya somo, nayo iwe na majina machache ambayo wanafunzi wenyewe wanayatamka kila siku.

Jina la Darajani lielezwe. Zamani mkono wa bahari uliutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, na palikuwapo daraja la kuvukia. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20, daraja likatoweka, jina likabaki. Mwanafunzi akilifahamu jambo hili ataelewa kwa nini magari mengi huishia ukingoni mwa Mji Mkongwe wala hayaingii ndani. Ng'ambo na mashamba ndiko ziliko barabara pana. Ndani ya Mji Mkongwe, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, njia nyingi ni vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kubanana.

Pili, mwalimu akusanye habari za vyombo. Kwa kawaida viko vitatu. Daladala za uwanja wa ndege, ambazo kwa miaka mingi zimetambulikana kwa namba 505, huchukua abiria wengi kwa nauli ndogo na husimama kila penye mtu. Bodaboda ni nyepesi na hupenya penye msongamano, lakini haichukui sanduku kubwa wala haimfai kila mtu. Teksi humchukua msafiri na mizigo yake bila ya kusimama njiani, lakini bei yake ni kubwa, nayo aghalabu hupatanwa kabla ya kuondoka kwa kuwa hakuna mita ya kuhesabia.

Tatu, mwalimu asiandike nauli kutoka kichwani mwake. Nauli hupanda, na vituo vya daladala mjini huhamishwa. Siku mbili kabla ya somo awatume wanafunzi wakaulize nyumbani: nani amepanda nini, kutoka wapi, kwa shilingi ngapi, kwa muda gani? Majibu yatatofautiana, na tofauti hizo ni sehemu ya somo.

Hatua ya kwanza: fedha

Hapa tutatumia tarakimu za mfano tu, ambazo mwalimu atazibadilisha kwa zile zilizoletwa na wanafunzi. Tuseme nauli ya daladala ni shilingi 600 kwa mtu mmoja, bodaboda shilingi 7,000 kwa mtu mmoja, na teksi shilingi 24,000 kwa gari zima lenye nafasi ya abiria wanne.

Mwalimu achore jedwali ubaoni. Kwa msafiri mmoja hesabu ni nyepesi: 600, 7,000 na 24,000. Wakiwa wanne, daladala itakuwa 2,400, bodaboda 28,000, na teksi itabaki 24,000, yaani shilingi 6,000 kwa kila mtu. Sasa aulize: teksi inakuwa rahisi kuliko bodaboda wasafiri wakifika wangapi? Wakiwa watatu, bodaboda ni 21,000, bado iko chini. Wakiwa wanne, imezidi. Wanafunzi waachiwe wagundue wenyewe kwamba bei ya kitu kizima na bei ya kila mtu ni mambo mawili mbalimbali. Wengi wa watu wazima hupoteza fedha kwa kulisahau jambo hili.

Hatua ya pili: muda

Tuseme umbali wa safari ni kilomita 6. Daladala imetumia dakika 30, kwa hiyo mwendo wake ni kilomita 12 kwa saa. Teksi imetumia dakika 15, kwa hiyo mwendo wake ni kilomita 24 kwa saa. Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini daladala, yenye injini kama gari jingine lolote, ina mwendo wa baiskeli. Asijibiwe na mwalimu. Ajibiwe na mwenzake aliyeipanda jana ikasimama mara kumi.

Baada ya hapo iunganishwe fedha na muda. Msafiri mmoja aliyechagua teksi ameongeza shilingi 23,400 juu ya nauli ya daladala, naye ameokoa dakika 15. Gawanya: kila dakika moja ameinunua kwa shilingi 1,560. Je, ni ghali? Hapa Hesabu hunyamaza, kwa sababu jibu linategemea msafiri ni nani na anakwenda kufanya nini.

Hatua ya tatu: msafiri ni nani?

Katika hatua hii ndipo tulipokosea, nasi tunaona ni wajibu wetu kulisimulia kosa letu ili wanachuo wasilirudie.

Tulikwenda kumtazama mwanachuo wetu mmoja akifundisha katika shule ya msingi iliyo jirani na njia hiyo ya uwanja wa ndege. Alikuwa amejiandaa vizuri, ramani yake ilikuwa safi, na jedwali lake lilisomeka mpaka nyuma ya darasa. Swali lake la mwisho lilikuwa hili: "Bibi na mjomba wameshuka katika ndege wakitoka Dar es Salaam. Nyumba yao iko Kiponda. Wapande chombo gani ili watumie fedha kidogo?" Jibu alilolitaka ni daladala, shilingi 1,200.

Mtoto mmoja wa kike aliandika: bibi atapanda teksi, mjomba atapanda daladala na mizigo. Mwanachuo akaweka alama ya kosa. Sisi, tuliokuwa tumeketi nyuma na karatasi ya tathmini, tuliandika kwamba mwanafunzi huyo hakulielewa swali, tukampongeza mwanachuo kwa usahihishaji wake wa haraka.

Kengele ilipolia mtoto yule alitungoja mlangoni. Akatuamkia, kisha akasema, "Mwalimu, bibi yangu alikwenda kufanyiwa operesheni ya mguu. Angepandaje daladala?"

Hatukuwa na jibu. Mtoto alikuwa amekokotoa sawasawa: 24,000 na 600, jumla 24,600. Alikuwa ameligawa kundi la wasafiri katika sehemu mbili, jambo ambalo sisi wala mwanachuo wetu hatukulifikiria. Lakini hakutaja mguu katika daftari lake, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza sababu. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa katika swali, lililomtaja bibi kana kwamba ni tarakimu, na lilikuwa katika karatasi yetu pia.

Siku ya pili mwanachuo alirudi darasani, akamwomba mtoto asome jibu lake mbele ya wenzake na aeleze sababu. Darasa likachangamka. Mmoja akauliza kama mizigo isingeingia katika teksi ya bibi, na mjomba pia, kwa bei ile ile. Wakahesabu wakaona ni kweli, na kwamba shilingi 600 zingeokolewa. Mtoto mwenyewe akakubali, akacheka. Hivyo jibu lake lilirekebishwa na wenzake kwa hoja, wala halikufutwa kwa kalamu nyekundu. Nasi tuliirekebisha tathmini yetu.

Hatua ya nne: mwisho wa safari

Wanafunzi wengi, hata wakufunzi, husahau kwamba safari haiishi gari linaposimama. Kiponda haifikiwi na gari mpaka mlangoni. Bibi atashuka ukingoni mwa Mji Mkongwe na kutembea vichochoroni, na sanduku litahitaji mchukuzi mwenye mkokoteni. Gharama hiyo iongezwe katika jedwali kwa kila chombo. Anayekwenda Mnazi Mmoja hataihitaji. Anayekwenda Kiponda ataihitaji hata akija kwa teksi. Kwa hiyo swali sahihi halikomei "mpaka mjini", ni "mpaka wapi mjini?"

Hali kama hii haiko Unguja peke yake. Uwanja mkubwa wa ndege wa Roma, huko Italia, uko Fiumicino, umbali wa kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya mji. Ashukaye huko ana treni iendayo moja kwa moja mpaka kituo kikuu cha Termini. Ana treni nyingine ya nauli ndogo zaidi, isimamayo vituo vingi, lakini hiyo haifiki Termini. Yako mabasi pia, na teksi ambazo nauli yake ya kwenda ndani ya kuta za kale za mji imepangwa na halmashauri. Tofauti na sisi ni kwamba huko msafiri huijua bei ya teksi kabla ya kuifikia, na hapa hupatana. Lakini fikra ni ile ile: treni rahisi si rahisi kwa mtu asiyekwenda inakokwenda.

Yafaa pia wanafunzi waambiwe kwamba vyombo hubadilika. Mwaka 1905 treni ilianza kwenda kati ya mjini na Bububu, na ikakoma katika miaka ya 1920. Babu wa babu yao aliyeishi kandokando ya njia hiyo alikuwa na chaguo ambalo wao hawana.

Kupima

Usahihishaji wa somo hili ugawanywe mara mbili. Alama za hesabu zitolewe kwa ukokotoaji ulio sahihi. Alama za hoja zitolewe kwa sababu iliyoandikwa, hata kama chaguo si lile ambalo mwalimu angelifanya. Kila swali limalizike kwa maneno haya: "Eleza sababu yako." Maneno hayo matatu yangetosha kumwokoa yule mtoto na alama ya kosa, nasi na aibu.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Tunga maswali matatu ya wasafiri watokao uwanja wa ndege: mwanafunzi wa sekondari asiye na mzigo, mama mwenye watoto watatu, na mgonjwa. Bei zibaki zile zile katika maswali yote.
2. Andaa jedwali la vyombo vinavyofika katika shule yako ya mazoezi. Nauli ziletwe na wanafunzi, zisiletwe na wewe.
3. Chukua daftari moja ulilokwisha kulisahihisha, utafute jibu moja uliloliwekea alama ya kosa, kisha mwulize mwenye daftari sababu yake. Andika alilokujibu.