Sahani ya melamini imechakaa kiasi gani?

Sahani za melamini hazivunjiki ovyo, ndiyo maana huendelea kutumika hata zikishachoka. Zikague.

Mng'ao. Osha sahani, ikaushe, kisha iinamishe karibu na dirisha ili mwanga uipige kwa upande. Linganisha katikati na ukingo, kwa kuwa ukingo haukwaruzwi sana na kijiko. Katikati pakiwa pamefifia kama chaki, uso wa juu umelika.

Ukucha. Upitishe polepole juu ya sahani. Ukikwama kwenye mikwaruzo, mabaki ya chakula na vijidudu navyo hukwama humo.

Doa. Manjano au chai isiyotoka kwa sabuni imeshaingia ndani.

Ufa, hata mwembamba kama unywele, usiujadili: iondoe mezani, ukianza na sahani za watoto.

Kinachozichosha zaidi ni joto. Chakula kikizidi nyuzi 70, hasa chenye ndimu, ukwaju au nyanya, kemikali za melamini na fomaldehaidi huhamia chakulani kwa wingi zaidi. Kwa hiyo supu inayotokota iwekwe kwenye bakuli la udongo au chuma, na sahani ya melamini isiingizwe kabisa kwenye maikrowevu. Sugua kwa sponji laini, si kwa waya.

Zilizochoka zinafaa chini ya vyungu vya maua.